Mkono Uliotulia

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimetoka kanisani nimenuna. Nelly kapiga solo yake wakati wa sadaka, na upinde ukawa unacheza juu ya uzi kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Kila noti ndefu ilitoka na mawimbi. Waumini hawakuona tatizo — kwao vayolini ikilia, imelia. Mimi nilitamani kuingia chini ya benchi.

Na huyu ndiye mtoto ambaye siku ya Pasaka nilishika maikrofoni nikatangaza kwamba Katoro nzima hakuna mkono uliotulia kama wake! Walipiga makofi. Mama yake siku ile alitembea kifua mbele mpaka jioni.

Woga, nadhani. Ana miaka kumi na miwili, ndiyo kwanza anagundua kwamba watu wana macho.

Lakini amechagua wakati mbaya wa kugundua. Kozi yangu ya kufundisha vayolini — ile ninayosoma nusu kwa simu, nusu kwa kwenda Mwanza — inanitaka nichague etudi tatu na solo moja, nizichambue kwa maandishi, nimfundishe mwanafunzi mmoja anayeanza, kisha twende wote wawili mbele ya wasahihishaji tarehe 21 Juni. Jina la Nelly nimeshalipeleka. Nikifaulu ni mwalimu mwenye cheti. Nikifeli nabaki Martina wa kwaya, anayefundisha watoto kwa kubahatisha.

Nimekula kiporo nikalala mchana wote. Hasira inachosha.

Jumanne, 20 Mei 2025

Kitabu cha etudi kiko mezani tangu nitoke sokoni. Jirani kaniuliza etudi ndiyo nini. Nikamwambia ni zoezi lililovalishwa nguo za wimbo. Akacheka. Nadhani aliona hayo ni mambo ya watu wasio na watoto wa kuogesha.

Ila ndivyo ilivyo. Kila etudi inauliza jambo moja. Namba tano inauliza: unaweza kuhama kutoka uzi huu kwenda ule bila kugusa usiotakiwa? Namba nane ni mapigo mafupi mafupi, inauliza kama kifundo cha mkono kimelegea au kimekaza. Namba tatu ndiyo ya lazima kwa kila mwanafunzi, na ukiitazama unaidharau. Uzi mtupu, hakuna hata kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Noti ndefu, unavuta upinde wote kutoka mwanzo hadi nchani, polepole. Basi! Nimeipiga mwenyewe nikaelewa kwa nini wameiweka. Haina pa kujificha.

Mwendo nahesabu kwa simu. Karasha la Mwita hapo nyuma linasaga mawe kwa mwendo wake lenyewe na halimsikilizi mtu.

Nelly alikuja baada ya shule. Namba tatu. Mawimbi. Nikamwambia alegeze bega. Mawimbi. Nikamwambia avute pumzi kwanza. Mawimbi! Nikamfokea. Akasema samahani madam, kwa sauti ndogo, nikajiona mchawi.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Darasa zima leo, watoto wanapokezana vayolini nne. Hizo nne alizinunua Mama Nelly mwenyewe, zikaja kwa basi kutoka Dar zimefungwa kwenye maboksi ya sabuni. Bila yeye hakuna darasa. Bila yeye sina hata chumba, maana ndiye mwenye nyumba wangu. Na ndiye mwenyekiti wa kwaya. Mama mmoja, vyeo vyote!

Kazi yake ni dhahabu. Wachimbaji wadogo wanamletea ikiwa bado imeshikana na zebaki, kidonge cheupe mfano wa gololi. Yeye anakiweka kwenye chepe juu ya mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Kuchoma, ndivyo watu wanavyoita, na hapa Katoro kuchoma ni kama kupika tu. Wanachomea jikoni uani, mlango umefungwa, kwa sababu dhahabu haichomwi watu wakiangalia. Zamani alikuwa anachoma Mayala, mdogo wake Mama Nelly. Wamegombana, Mayala kaenda kwenye machimbo mapya upande wa Ushirombo na hasalimii. Watu wanasema vidonge vilikuwa vinapungua mikononi mwake. Sijui, na sijauliza.

Leo nimempa Nelly namba nane. Mapigo mafupi. Safi! Hakuna mawimbi! Nikafurahi kwa dakika mbili, halafu nikaelewa: upinde ukienda haraka hauna nafasi ya kutetemeka. Namba nane haijamponya, imemfichia. Hapo nikajiuliza kama mimi ni mwalimu au ni fundi wa kupaka rangi ukuta wenye nyufa.

Nikamrudisha namba tatu. Alianza kulia kabla hajaanza kupiga.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Jana nilimrekodi Nelly video kwa simu nikamtumia Mwalimu Januari wa Mwanza, anayesimamia kozi yetu. Nikamwandikia kwamba naomba ushauri, nimpe zoezi gani la kutuliza upinde. Nilitegemea anitajie namba ya etudi.

Amenijibu kwa sauti. Nimeisikiliza mara tatu. Anasema: Martina, zima sauti, angalia picha tu. Nikazima. Nikaangalia. Mungu wangu. Mkono unatetemeka kabla upinde haujagusa uzi. Na ule wa kushoto, ambao hauna kazi yoyote kwenye namba tatu, unatetemeka pia pale uliposhika shingo ya vayolini. Hata midomo. Anasema huo si woga na hakuna etudi ya jambo hilo. Mpeleke kwa daktari kabla hujamleta kwangu.

Nilikuwa nasikiliza tu. Wiki mbili nasikiliza, siangalii!

Leo nimemwomba Nelly anionyeshe daftari lake la shule, nikasingizia nataka kuona ratiba. Mwandiko wa Machi ni mzuri, umenyooka. Mwandiko wa sasa unapanda na kushuka. Anasema mwalimu wa darasa amemchapa kwa uchafu.

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimempeleka zahanati. Sikumwambia mama yake. Nilisema tunakwenda kununua rozini ya kupaka upinde.

Tabibu anaitwa Eliya, kijana, mpole. Nelly akamwamkia, akaitikia marahaba, akamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele. Akaangalia. Akamwekea karatasi juu ya vidole, karatasi ikawa inacheza. Hakuuliza juu ya vayolini wala shule wala malaria. Aliuliza hivi:

"Nyumbani kwenu wanachoma?"

"Ndiyo."

"Nani anachoma?"

"Mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia Nelly sema ukweli, wewe unasaidia tu kupepea. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

"Mama anakaa mlangoni anaangalia watu wasije. Mimi ndiyo nashika chepe. Ukitikisa, kidonge kinaruka, dhahabu inapotea. Anko Mayala alikuwa anatikisa. Mama akasema madam alisema mimi mkono wangu umetulia."

Eliya aliendelea kuandika. Mimi nilikuwa naangalia bango la chanjo ukutani, nalisoma mstari kwa mstari, sielewi neno.

Tangu Pasaka. Maikrofoni yangu. Makofi yangu!

Amechukua mkojo, utapelekwa Mwanza kupimwa. Lakini anasema hahitaji majibu ili kusema la kusema. Watu wanaogopa kuishika zebaki, na wengine wanadhani mpaka uinywe. Mvuke wake ndio mbaya zaidi, hauonekani wala haunuki, na mtoto anauvuta akiwa ameinama juu yake, mlango umefungwa. Ameishi karibu nao tangu azaliwe, sasa amewekwa juu yake. Akitolewa mapema mkono unaweza kurudi. Akichelewa? Eliya aliinua mabega tu. Anataka kumwona mama mwenyewe. Nani atamwambia? Akanitazama mimi.

Njiani Nelly kaniuliza kama bado tunakwenda Mwanza. Nikasema ndiyo. Kaniuliza kama nimekasirika. Nikasema sijakasirika na wewe.

Jumanne, 3 Juni 2025

Sijalala vizuri. Nimepiga namba tatu peke yangu asubuhi, uzi wa chini, upinde wote. Nasikiliza mkono wangu. Chumba changu na jiko la kuchomea vinatazamana, dirisha kwa mlango. Noti ilikuwa imenyooka, halafu ikaingia kitu. Ni zebaki au ni hofu? Sikuweza kujua. Nikaweka vayolini chini.

Leo wamechoma mchana. Niliona mlango ukifungwa na Mama Nelly akikaa kwenye kigoda nje yake, anachambua mchele. Anaimba! Nilisimama dirishani nimeshika pazia. Sikutoka. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nilipanga leo ndiyo leo. Nikaenda kwake baada ya mazoezi ya kwaya. Nikamkuta anaparua sato aliyeletewa kutoka Chato, akanikatia nusu nzima kabla sijakaa, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mwalimu, umekonda, unakula nini huko chumbani, nota?" Akacheka mwenyewe.

Halafu akaanza kusema habari za Nelly. Baba yake Nelly alifukiwa na duara, shimo la machimbo, hilo nalijua, wote tunalijua. Anasema siku ile aliapa mtoto wake hataingia shimoni wala hatakaa mwaloni kuosha mchanga na miguu majini. Ndiyo maana akanunua vayolini. Alimwona binti mmoja kwenye harusi huko Mwanza, amekaa kwenye kiti cha kukodi na gauni jeupe, anapiga, watu wamenyamaza. Akasema Nelly wangu atakaa vile. Anasema jikoni si mgodini. Jikoni ni kwake, kivulini, karibu na mama yake.

Mtu anakuambia hivyo huku anakufungia samaki kwenye mfuko. Nikasema ahsante, wabeja mayu, nikaondoka. Samaki nimeshindwa kumla.

Jumapili, 8 Juni 2025. Pentekoste

Sijui niandikeje.

Mchungaji alihubiri juu ya upepo na ndimi za moto. Kanisa limejaa mpaka nje, wengine wamesimama madirishani. Baada ya mahubiri Mama Nelly akanong'ona na mchungaji, na Nelly akaitwa mbele apige. Hatukupanga! Nilitaka kusema hapana, nikakuta watu wote wamegeuka kunitazama, nikatikisa kichwa ndiyo.

Alipiga ile solo ya polepole ninayomfundisha kwa ajili ya Mwanza. Noti ndefu tupu. Na mkono ukaanza. Leo ulikuwa mbaya kuliko siku zote, hata wa benchi la mwisho aliuona. Upinde unaruka, sauti inatetemeka, mtoto amefumba macho anajitahidi kuuzuia, na kadiri anavyouzuia ndivyo unavyozidi. Kanisa likanyamaza. Nikasema moyoni, sasa wameona. Afadhali. Sasa wote wameona, sitakuwa na haja ya kusema.

Mama mmoja wa mbele akasimama akapaza sauti: "Roho huyo! Roho amemshukia mtoto!"

Vigelegele! Kanisa zima! Watu wamesimama, wananyoosha mikono, wengine wanalia. Mama Nelly alipiga magoti palepale kwenye sakafu na gauni lake jipya, machozi yanamtoka, anasema ahsante Yesu, ahsante Yesu. Mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa cha Nelly.

Nelly akafumbua macho. Hakumtazama mama yake wala mchungaji. Alinitazama mimi. Yeye anajua ni nini. Alikuwepo zahanati, alisikia kila neno.

Na mimi nilifanya nini? Nilipiga makofi.

Jumatano, 11 Juni 2025

Imekuwa mbaya zaidi. Shule zimefungwa, Nelly yuko nyumbani kutwa. Na habari za Jumapili zimefika sokoni, zimefika kwenye makarasha, zimefika kwa mabroka wa dhahabu. Mkono wa upako! Kidonge kikichomwa na mkono wa upako, dhahabu inatoka nyingi. Nani kaanzisha sijui, Mama Nelly anasema si yeye, lakini hajakataa. Leo uani kuna watu wa kutosha harusi, kila mmoja na kidonge chake mfukoni kwenye karatasi ya sigara. Hata mchimbaji Abdulshakur, ambaye wiki nzima anabishana na wakristo kuhusu kelele za spika, yuko kwenye foleni. Nikamwambia na wewe? Akasema biashara ni biashara, mwalimu, baraka ikipita mlangoni huiulizi dini.

Mlango wa jiko haujafunguka tangu asubuhi ila kupitisha chepe na mkaa. Nilipeleka maji ya kunywa nikapata kumwona. Amekaa amejikunja, jasho, macho mekundu. Nikamwambia toka. Akasema bado watatu, madam. Nikamshika mkono nimtoe, Mama Nelly akaingia kati, anatabasamu, akasema mwalimu, mazoezi ni jioni.

Jioni hakuweza kufunga kifungo cha mfuko wa vayolini. Nilimfungia mimi.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nimemwambia.

Nilikwenda kabla foleni haijaanza. Nilisema vyote, haraka haraka, nimesimama, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa. Zahanati, Eliya, karatasi juu ya vidole, mvuke, mkojo uliopelekwa Mwanza. Nikasema Jumapili haikuwa Roho.

Nilijiandaa kufukuzwa, na hakunifukuza. Halafu akasema:

"Ulimpeleka mtoto wangu hospitali ukaniambia mmekwenda kununua rozini."

"Ndiyo, Mama Nelly. Nisamehe."

"Nilikuwa nakuamini kuliko ndugu yangu wa tumbo moja."

Akasema anamjua Eliya, kijana wa juzi, anasoma vitabu vya watu ambao hawajawahi kuona dhahabu. Akasema, "Mimi nachoma tangu Nelly yuko tumboni. Kabla ya Mayala nilikuwa mimi. Sasa nitazame." Akanyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wangu, vidole vimekunjuka. Ulitulia! Umetulia kama meza. Akaushikilia hapo mpaka nikaangalia pembeni.

"Yaya, hapana, mwalimu. Kama ni zebaki ningeanza mimi. Huyu mtoto ana Roho na ana woga wa mtihani wako. Nendeni Mwanza wakamsikie. Mengine niachie mimi, ng'wana wane."

Ng'wana wane! Mtoto wangu, ananiita, na dakika hiyohiyo anachukua kapu la mkaa.

Nimempigia Eliya. Kasema haimpati kila mtu sawasawa, mtoto anaumia upesi kuliko mtu mzima, na mkono wa mama kutulia kidogo mbele yangu hauthibitishi kitu. Akasema kama mama haji, ataandika kwa ustawi wa jamii. Nikamwomba asubiri Jumatatu. Kwa nini nimeomba hivyo? Ninaokoa nini hapa, mtoto au vayolini nne? Nimejiuliza swali hilo mchana kutwa na sipendi ninavyochelewa kujibu.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Majibu ya Mwanza bado. Eliya kaandika barua yake. Wamemwambia afisa wa ustawi yuko semina, atarudi mwisho wa wiki.

Foleni ipo. Kikohozi cha Nelly nakisikia hadi chumbani kwangu.

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimekaa kumalizia uchambuzi wa etudi, maana Jumamosi ni mtihani na sina kingine ninachojua kufanya. Namba tano nimemaliza, namba nane nimemaliza. Namba tatu nikaandika hivi, nanakili:

"Etudi hii haimfundishi mwanafunzi noti, inamwonyesha mkono wake. Mkono mtupu unaweza kutulia mtu akiukaza. Ukishika upinde huwezi kukaza, kwa sababu ukikaza sauti inakwaruza. Na kwa kuwa upinde ni mrefu, mtikisiko mdogo kabisa kwenye vidole unakuwa mkubwa unapofika nchani. Noti ndefu inauonyesha hata kwa asiyejua muziki."

Nikaacha kalamu.

Mama Nelly alikaza! Vidole vimekunjuka vile, mkono umenyooka hadi begani, mishipa ya shingo imesimama. Niliangalia vidole tu. Sikuangalia shingo.

Jumatano, 18 Juni 2025

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kizingiti cha dirisha. Imetokea sasa hivi na bado inaendelea.

Nilitoka na vayolini asubuhi, mkaa ndiyo kwanza unawashwa. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika getini, wanapiga soga. Mama Nelly kakaa kwenye kigoda chake mlangoni pa jiko. Nikamwamkia, nikamwambia Mama Nelly, nina shida ya mtihani. Nataka kuwaonyesha wasahihishaji kwamba naweza kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika vayolini kabisa. Nikubalie dakika moja. Sio uongo mkubwa, ila ni uongo. Siku hizi nimekuwa hodari.

Alikubali kwa furaha! Alifikiri nimekuja kupatana. Akapangusa mikono kwenye kanga, akasema niangalieni jamani, mimi na uzee huu, na wale wa getini wakacheka, wengine wakatoa simu. Nikamweka vayolini begani, nikampanga vidole kwenye upinde kimoja kimoja. Nikamwambia uzi mtupu, usibonyeze, usikaze, vuta polepole mpaka mwisho. Legeza bega. Legeza shingo. Akalegeza.

Akavuta.

Mwanzoni ilikuwa nzuri, nikashtuka, nikadhani nimekosea. Upinde ulipofika katikati ukaanza. Kidogo. Halafu ncha ikawa inaruka, kitu hichohicho, mawimbi yaleyale ya Nelly, ila mazito zaidi, ya miaka mingi. Sauti ikajaa uani. Mmoja wa getini akapayuka kwa furaha kwamba eh, na mama naye Roho kamshukia! Wenzake wakacheka na kupiga makofi.

Mama Nelly hakucheka. Alikuwa anaangalia ncha ya upinde. Uzi umeshanyamaza, upinde uko hewani, na ncha bado inacheza.

Akaniambia, bila kunitazama, "Nenda ndani kwako, mwalimu. Niache." Nikamwambia, mtoto asiweke kidonge. Akasema, "Nimesema niache." Nimeingia ndani, ila dirisha liko wazi na nawaona wote wawili. Nelly kasimama mlangoni pa jiko ameshika chepe kwa mikono miwili. Kidonge cha kwanza kiko juu yake, bado kibichi. Akiinama tu kuelekea kwenye mkaa, natoka, na chumba na vayolini na Mwanza viende vinakokwenda.

Mama Nelly amepiga tena. Peke yake, hakuna aliyemwambia. Amelegeza bega kama nilivyomwonyesha. Katikati ya upinde, mawimbi.

Amepiga tena. Getini wamenyamaza sasa. Abdulshakur amerudisha karatasi yake mfukoni.

Nelly anaita, "Mama, mkaa umeshika. Niweke?"

Hajajibu. Anaupeleka upinde mwanzo wa uzi, anauweka chini taratibu sana, na anavuta mara nyingine, anajaribu kuinyoosha noti.

"Mama? Niweke?"